Likizo ya Kukimbia Moshi

Nilipokata kona ya msikiti nikainua macho, nikaona moshi unatoka dirishani kwetu.

Si moshi wa kupikia. Ulikuwa mweupe, wa taratibu, unapanda kama mtu asiye na haraka.

Nikakimbia. Maana nyumba ile tuliijia kwa jambo moja tu. Tulikuwa tumekimbia moshi.

Na ndani alikuwa amelala mjukuu wangu, ambaye kifua chake hakikuweza moshi hata wa njiti ya kiberiti.

Mnisamehe kwa kuanzia katikati. Nimeona humu kundini mnaulizana, mtu akienda likizo na familia abebe vitu gani vya afya, vile ambavyo wengi hawavifikirii. Mmoja kataja mto wa shingo. Mwingine soksi za kubana. Mwingine mafuta ya kunusa. Vizuri.

Mimi shule niliachia darasa la nne. Lakini mabegi nimefungasha mengi. Ngojeni niwape habari ya moja.

Ilikuwa mwaka wa tisini na sita, shule zimefungwa Agosti.

Naitwa Mejumaa. Kwetu Kaloleni, ila wakati huo nilikuwa naishi na mwanangu Kingi upande wa Makupa, karibu na Kibarani. Waliokuwako wanalijua jaa lile la taka. Likiwaka na upepo ukageukia kwetu, hata chai unainywa na harufu yake.

Kingi alikuwa mpakuzi wa mizigo ya meli, bandarini Mbaraki. Mkewe Mutanu, Mkamba wa Machakos, alikuwa anashona kwenye kiwanda cha nguo. Mimi naswali, wao wanakwenda kanisani, na nyumba ilikuwa moja. Hatukuwa tukigombana kwa hilo. Tulikuwa tukinyamaziana.

Mtoto wao alikuwa Stacy, miaka saba. Stacy nimemlea mimi. Kutembea alijifunza akishika pindo la leso yangu. Akiamka, jina la kwanza mdomoni mwake ni Nyanya.

Mwaka ule kifua chake kilizidi. Alikuwa akipumua unasikia filimbi ndani, kama birika linalotaka kuchemka.

Daktari akampa dawa ya kuvuta, ile chupa ndogo inayobonyezwa mdomoni. Kisha akasema, "Mtoeni kwenye huo moshi kwa muda. Kifua kipumzike."

Mutanu alitaka kwenda kwao Machakos. Kingi akasema Agosti kule ni baridi, tutamtoa mtoto motoni tumtie majini.

Basi Charo, mwenzake wa Mbaraki, alikuwa na funguo za ghorofa ya juu ya nyumba moja Mji wa Kale. Wenyewe walikuwa Uarabuni. Akasema, "Kaeni hapo hadi shule zifunguliwe. Upepo wa bahari unaingia mpaka chini ya kitanda."

Hiyo ndiyo ilikuwa likizo yetu. Kutoka Makupa hadi Mji wa Kale. Ukipiga chafya huku, mtu wa kule anakuombea rehema.

"Wenzangu wakienda likizo wanapanda treni," Mutanu akasema. "Sisi mizigo yetu inapanda mkokoteni."

"Mkokoteni nao una magurudumu," Kingi akamjibu.

Nikaanza kufungasha.

Nilichukua soksi kuukuu ya Kingi nikaijaza chumvi ya mawe, nikaifunga fundo. Ile ukiipasha juu ya kikaango ukajikanda magotini, maumivu yanakaa kando kidogo. Nikatia jiwe la kusugulia visigino. Mto wangu wa sufi, maana shingo yangu haikubali mto wa mtu. Habasoda. Mafuta ya nazi niliyochemsha na kitunguu saumu, ya kumsugua Stacy nyayo. Na dumu la maji ya bomba letu.

Mutanu alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama, hii yote ni ya nini?"

"Ya afya."

Nilimjibu hivyo tu. Siku hizo nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka hukata maneno kama anayekata uzi kwa meno.

"Hata hiyo maji?"

"Ni maji ya nyumbani. Siku za kwanza unayachanganya na ya ugenini, tumbo lisishtuke."

"Mama, tunaenda palepale kisiwani. Bomba ni lile lile."

"Kule wana visima."

Alicheka mpaka akakaa chini. "Kingi, njoo uone. Mama anahamia Maka."

Mwisho nikatia kifuko cha ubani. Ubani maka, ule mweupe safi. Sikuuchukua wa kufukiza. Mimi naulowesha kwenye bilauri jioni, asubuhi nakunywa yale maji yake, nahisi kifua changu kinafunguka. Tangu Stacy aanze kuugua, chetezo changu nilikuwa nimekigeuza kifudifudi juu ya kabati.

Mutanu akakichukua kifuko, akanusa, akakunja uso, akakirudisha begini. Hakuuliza. Nami sikusema.

Naye nikamwona anachukua ile dawa ya kuvuta anaitia kwenye sanduku lake, analifunga kwa kufuli. Ufunguo akaufundika kwenye pindo la leso.

"Mbona waifungia?" nikamuuliza.

"Ni ya hospitali, Mama. Isichanganyike."

Hakusema isichanganyike na nini. Nilifahamu. Nikanyamaza, nikafunga zipu.

Tukahama hivyo. Yeye na lake amelifungia, mimi na langu nimelinyamazia.

Nyumba yenyewe ilikuwa nzuri, ila ngazi zake Mola ndiye ajuaye. Za mbao, zimesimama wima kama ukuta. Chini alikuwa akikaa Bi Mwanasha, mtu mzima kama mimi, mcheshi, mdomo haupoi.

"Karibuni, karibuni. Nyumba hiyo ina mwaka haijaingiwa. Mushaifukiza?"

"Bado," nikasema.

"Basi majini watawalipisha kodi."

Tukacheka. Mutanu hakucheka. Mtu wa bara, maneno ya majini hayajui lini ni mzaha na lini ni kweli.

Kwa Stacy, likizo ilimwingia vizuri. Siku za mwanzo tu filimbi ikanyamaza. Akawa anashinda kwa Bi Mwanasha akila mabuyu, ulimi umekuwa mwekundu. Nilikuwa naweka sikio mgongoni mwake nasikia kimya. Kimya kile kilikuwa kitamu kuliko kaswida.

Mimi ndiye nilikuwa silali. Magoti. Kupanda zile ngazi na kushuka, jioni yalikuwa yanawaka kama yametiwa pilipili. Nikawa nageuka huku na huku hadi alfajiri, na ukuta wa Mutanu na wangu ulikuwa mmoja.

Asubuhi moja Bi Mwanasha akanikuta uani. "Umelalaje, shoga?"

Nami kwa uvivu wa kueleza habari ya magoti, nikajibu, "Nyumba haijafukizwa, nitalalaje?"

Ulikuwa mzaha wa wazee wawili. Mutanu alikuwa pale pale anafua. Hakuinua kichwa.

Siku hiyo hiyo, baada ya kuswali alasiri, nilitoka kununua ndimu. Kingi alikuwa amekwenda kumwona Charo. Stacy nimemwacha amelala.

Nikarudi, nikakata kona ya msikiti, nikaona ule moshi.

Sijui nilizipandaje zile ngazi. Najua nilitumia mikono.

Chumba changu kilikuwa cheupe. Sakafuni kulikuwa na mfuniko wa sufuria umewekwa makaa, na juu ya makaa ubani wangu unayeyuka, unalia chichichi. Madirisha mawili yamerudishwa, moja tu liko wazi.

Chumba cha pili, moshi ulikuwa umepita chini ya mlango, na Stacy alikuwa amekaa kitandani. Mabega yamepanda mpaka masikioni. Midomo imekuwa rangi ya zambarau. Akaniangalia, akafungua kinywa aseme Nyanya, na pumzi ya kulisema jina hilo hakuwa nayo.

Nilimbeba. Kwenye ngazi magoti yakakataa, nikakaa kitako na mtoto mapajani, nikashuka ngazi moja moja kwa makalio kama mtoto mchanga anayejifunza.

Chini nikaita, "Mutanu. Dawa."

Alikuwa kisimani uani, ndoo mkononi. Alipomwona mtoto, ndoo ikamwanguka.

"Iko juu. Kwa sanduku."

"Ufunguo?"

Akashika pindo la leso. Lile fundo lilikuwa limelowa kwa maji ya kisima, limekaza. Vidole vinateleza. Akalitia menoni akaling'ata, akalivuta na kichwa kama mbwa anayevuta mfupa, huku analia. Likafunguka. Akapanda juu, akaingia katika ule moshi.

Bi Mwanasha alikuwa anawafukuza watu mlangoni. "Mpisheni mwana, mpisheni. Hewa si ya kugombania."

Mutanu akashuka na chupa. Akambonyezea mtoto mara ya kwanza, hakuna kitu. Akambonyezea tena. Tukangoja.

Kisha pumzi ikaingia. Nyembamba, inakwaruza, lakini ikaingia. Ikafuata nyingine.

Tulimkimbiza hospitali wakamwangalia, jioni wakaturudishia. Kingi alikuwa ashapata habari, yuko juu anatungoja. Madirisha yote ameyafungua. Ule mfuniko ulikuwa bado sakafuni, makaa yamezimika.

Akamlaza mtoto. Akatugeukia.

"Nani kachoma ubani?"

Nilimtazama Mutanu. Alikuwa amesimama karibu na ukuta, vidole vyake bado vyeusi kwa makaa. Hapo ndipo nikakumbuka maneno yangu ya asubuhi uani. Nyumba haijafukizwa, nitalalaje.

Alikuwa amefukiza kwa ajili yangu. Mtoto wa watu, asiyependa hata harufu ya ubani, alikaa akapuliza makaa ili bibi mzee apate usingizi. Mlango wa chumba cha mtoto akadhani unatosha.

"Ni mimi," nikasema.

Mutanu akainua kichwa.

"Mama." Kingi hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniuma. "Wewe na dawa zako. Unataka kuniulia mtoto?"

Nikauokota ule mfuniko sakafuni.

"Likizo ikiisha hutarudi Makupa. Utakwenda kwa Tsofa Kaloleni, ukapumzike. Stacy tutamtafutia mtu wa kumwangalia."

Tsofa ni mwanangu mkubwa. Mtu mwema. Lakini Kaloleni hakuna Stacy.

Nilidhani nimebeba lawama ya jioni moja. Kumbe nilikuwa nimejitwisha iliyobaki ya maisha yangu.

Sikusema tena. Ningesema nini? Nimgeuke mkaza mwanangu baada ya kumkinga? Na moyoni nilikuwa najua, ule moshi uliwashwa na ulimi wangu.

Siku zilizobaki Mutanu alikuwa ananizunguka kama paka aliyevunja chungu. Analeta chai, anasema, "Mama," kisha anakatiza. "Mama nini?" namuuliza. "Sukari imetosha?" Imetosha.

Jioni moja akaingia na ile soksi ya chumvi, ameipasha. Sikuwa nimemwomba. Akapiga magoti akanikanda, goti la kulia, goti la kushoto, kimya. Machozi yake yakidondokea soksi, nami najifanya sioni.

Usiku ule nililala.

Stacy naye akaniuliza, "Nyanya, Kaloleni kuna shule?"

"Iko."

"Basi twende wote."

Nikamsuka nywele nisimjibu. Kuna maswali ya watoto ukiyajibu kweli unawavunja, ukiyajibu uongo unavunjika wewe.

Siku ya kuondoka mkokoteni ulisimama mlangoni. Kingi akashusha mizigo. Begi langu akaliweka mbali na mengine.

"Gari za Kaloleni ziko Mwembe Tayari," akasema. "Nitakusindikiza nikupandishe."

Nilikuwa nishavaa buibui. Stacy ameshika pindo, vile vile kama alipokuwa anajifunza kutembea.

Akalichukua begi.

"Kingi," Mutanu akasema kutoka kizingitini. "Weka chini begi la Mama."

"Tutachelewa."

"Ubani nilichoma mimi."

Mwenye mkokoteni aliyekuwa anafunga kamba, akaacha kufunga. Bi Mwanasha akasogea mlangoni kwake, mkono kiunoni.

Nilingoja mwanangu ashtuke. Nilingoja aniangalie, angalau mara moja, kwa jicho la kuniomba radhi.

Kingi akajikuna shingo.

"Najua," akasema.

Nikashika bega la Stacy.

"Unajua?" Mutanu akauliza.

"Mama hawezi kuweka makaa kwenye mfuniko wa sufuria, hata wa adui yake. Na vidole vyako vilikuwa vyeusi. Nilijua tangu jioni ile."

"Sasa mbona umefukuza Mama?"

Akatazama chini. Mwanangu mrefu, mwenye mabega ya kubeba magunia, akaongea na vidole vya miguu yake.

"Ningekusema wewe, ungefungasha ukaenda kwenu na mtoto. Mama... Mama nilijua atavumilia."

Bi Mwanasha akaushusha mkono kutoka kiunoni.

Mimi maisha yangu yote nimesifiwa subira. Harusini, matangani, kila mahali, Mejumaa ana subira. Nikadhani ni akiba yangu najiwekea. Kumbe nilikuwa nimetengeneza kiti, na mwanangu alishakikalia.

Mutanu alishuka kizingitini. Akalitoa begi mkononi mwa mumewe, akaliweka barazani. Akafungua zipu mbele ya watu.

Akatoa soksi. "Hii naijua. Ya magoti."

Akatoa jiwe. "Na hii?"

"Ya visigino," nikasema. "Visigino vikipasuka ugenini vinaingia uchafu."

"Hii nyeusi?"

"Habasoda. Unatafuna kidogo na asali, mafua yakikuanza."

"Hii mafuta?"

"Ya nyayo za Stacy. Jioni, kabla ya kulala. Ndiyo yale unayosema yananuka."

"Yananuka, Mama."

"Yananuka, ndiyo."

Kimoja kimoja. Pale barazani, watu wanapita na vikapu vyao, mwenye mkokoteni amekaa juu ya gurudumu kama aliye msikitini. Nilikuwa nimechoka, wallahi, lakini sikukata neno hata moja. Nilieleza mpaka mto wa sufi.

Mwisho akatoa kifuko. Ndani vilikuwa vimebaki vipande vichache.

"Na hii ni ya nini, Mama?"

"Ya kulowesha majini. Ya kunywa. Si ya moto."

Akakishika kifuko.

"Ungesema."

"Ungeuliza."

Tukatazamana. Sijui nani alianza kucheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha. Kilikuwa cha watu wawili waliotua mzigo ambao hakuna aliyewaambia waubebe.

Mutanu akafungua sanduku lake. Akatoa ile chupa ndogo ya Stacy, akaiweka juu kabisa ya begi langu, mahali pa kushikika. Kufuli na ufunguo wake akamkabidhi Bi Mwanasha.

"Mwataka nilifungie nini?" Bi Mwanasha akauliza.

"Mdomo," nikamwambia. Akanipiga bega.

Begi Mutanu akamrudishia Kingi. "Beba. Mpaka Makupa."

"Liweke kwenye mkokoteni basi."

"Sikusema mkokoteni. Nimesema wewe."

Akaliweka begani. Mwenye mkokoteni akageuza uso ili acheke vizuri. Dumu la maji ya nyumbani lilikuwa limebaki nusu, Kingi akauliza, kwa sauti ndogo, kama ayamwage, mzigo upungue.

"Yabebe," nikasema.

Akayabeba. Njia nzima hakugeuka nyuma, na mimi nilikuwa nyuma yake na Stacy, tunakwenda pole pole kwa mwendo wa magoti yangu. Karibu na Makupa ndipo aliposema, bila kugeuka, "Mama, nisamehe." Nikamwambia tazama mbele, usijikwae.

Nilimsamehe. Lakini tangu siku ile nilianza kusema nikichoka. Kwanza ilimshangaza. Baadaye akazoea. Mwaka uliofuata tukahamia Tudor, mbali na jaa.

Stacy sasa ni mama. Wiki iliyopita alikuwa anafungasha kwenda likizo na wanawe, akanipigia simu. "Nyanya, nibebe nini?"

Nilimwambia kama ninavyowaambia nyinyi.

Bebeni soksi ya chumvi. Bebeni mto wenu, bebeni hata maji ya nyumbani, wacha wacheke. Lakini kila kitu kitajeni jina na kazi yake, kwa sauti, wote wakisikia, kabla hamjafunga zipu. Dawa isiyoelezwa ni sawa na kaa la moto uliloacha sakafuni.

Dawa ya mtoto isitiwe kufuli.

Na kama nyumbani kwenu kuna mmoja mvumilivu, msimtwike yote kwa sababu halalamiki. Muulizeni magoti yanaumaje. Kisha kaeni mngoje ajibu, maana hajazoea kuulizwa.